Pamba Ikishauzwa

Aliyesali Kisesa miaka ya sabini atakumbuka kwamba sadaka ilikuwa na sauti. Kapu la milala lilipokuwa likipita kutoka benchi hadi benchi, senti tano yenye samaki ililia kivyake, senti ishirini yenye mbuni ikalia kivyake, hamsini yenye sungura ikaanguka kwa uzito kidogo, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge ilipotua juu ya hizo nyingine, sisi watoto tulioketi chini, mbele kabisa, karibu na miguu ya katekista, tulijua bila kugeuza shingo kwamba mwalimu mkuu amefika, au kwamba kuna mtu ameuza ng'ombe wiki ile.

Leo kapu halilii. Kuna bahasha ya zaka yenye namba ya mwanajumuiya, kuna noti iliyokunjwa mara nne, na mlangoni imebandikwa karatasi yenye lipa namba. Mtu anasimama chini ya mwembe baada ya Misa, anabonyeza, ujumbe unaingia. Sadaka imefika.

Kisesa iko kilometa kama 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya Musoma, na kilima cha Bujora na mawe yake kipo hapo jirani. Wakati ule mwaka wa Kanisa ulikwenda kwa kalenda ya Roma, Majilio, Kwaresima, Pasaka; mwaka wa michango ulikwenda kwa pamba. Ukimwendea mtu mwezi wa pili na habari ya mabati ya kigango alikujibu, "Pamba ikishauzwa," na hakuna aliyechukua jibu hilo kuwa kisingizio, kwa sababu hata mwombaji mwenyewe alikuwa akiisubiri pamba hiyo hiyo. Ahadi ziliandikwa na katekista kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu iliyofungwa uzi, na kuanzia mwezi wa sita, mikokoteni ya ng'ombe ilipoanza kupanga foleni mbele ya ghala la chama cha ushirika, magunia yamefura, nyuzi nyeupe zimewanasa watu kwenye nywele na kope, kaunta buku ile ilitoka kabatini na mzee mmoja wa kigango akatumwa kwenda kukaa kivulini karibu na mizani. Hakudai. Alikaa tu, akasalimia kila aliyetoka na stakabadhi yake mkononi, na wengi walimpitia kabla ya kupitia kilabuni.

Ndiyo maana historia ya fedha za kanisa letu siwezi kuisimulia bila historia ya ushirika. Mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake waliviunganisha vyama vya wakulima wa pamba vya Kanda ya Ziwa vikawa Shirikisho la Victoria, na wazazi wetu walipouza kupitia vyama vyao wenyewe badala ya kwa wanunuzi waliochezea mizani, tofauti ilionekana hata kwenye kapu la milala. Vyama vilipofutwa 1976, malipo yakaanza kuchelewa, na kigango kikajifunza kungoja. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Halafu soko huria likaingia katikati ya miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wakaja na fedha taslimu na mizani zao, na bei ikawa inapanda mwaka huu inaporomoka mwaka ujao. Kila moja ya zamu hizo ilisomeka ukutani mwa kanisa letu: hapa matofali ya mwaka mzuri, pale mstari ambapo kazi ilisimama hadi udongo ukaota nyasi.

Kulikuwa pia na fedha za wageni, na haifai kuzificha. Padri David Clement, mmisionari Mkanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, ndiye aliyeanzisha Bujora miaka ya hamsini, akajenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya ntemi na kuanzisha makumbusho ya Wasukuma, na msaada kutoka kwao ulikuwa nyuma ya mengi tuliyoyaona. Mjini, hospitali kubwa ya Bugando ilijengwa na maaskofu kwa msaada wa Wakatoliki wa Ujerumani, ikafunguliwa 1971. Lakini vigango, yale makanisa madogo ya huku vijijini yaliyotazamana na mashamba, havikuwa na mfadhili wa Ulaya. Baada ya Azimio la Arusha neno la kujitegemea lilisemwa altareni kama lilivyosemwa kwenye mkutano wa hadhara, na kwetu lilimaanisha udongo, maji na kuni.

Nakumbuka zaidi matofali. Katekista wetu alijua watu wake: hakugawa kazi kwa mitaa, aligawa kwa Bagalu na Bagika, zile jamii mbili za ngoma ambazo mpaka leo hushindana Bujora siku za Bulabo, baada ya sikukuu ya Ekaristi, kila upande ukijaribu kuwavuta watazamaji wa upande wa pili. Aliyewahi kuona mashindano hayo ataelewa kilichotokea. Vijana walikanyaga udongo kwa mdundo wa bugobogobo, magoti yamejaa tope. Wasichana walipandisha maji kwa ndoo na madebe yaliyofungwa majani juu yasimwagike. Kina mama walikaa chini ya mti na nyundo wakiponda mawe kuwa kokoto, vitenge vya Mwatex vimefungwa kichwani kuzuia vumbi. Na wazee waliokwisha kazi walipewa kulinda tanuru usiku, wakachoma viazi kwenye makaa na kutusimulia habari za njaa za zamani hadi tukalala tulipoketi. Tanuru lilipofunguliwa, Bagalu walihesabu ya kwao na Bagika ya kwao, na yaliyopasuka yalizua ugomvi wa siku mbili. Hakuna aliyetoa hata shilingi moja wiki ile. Ukuta ulipanda.

Sasa tunanunua tofali za saruji. Lori linamwaga, fundi analipwa kwa siku, na jengo likichelewa tunamwuliza fundi.

Na kulikuwa na mnada. Vijana wa leo wakisikia mnada wa kanisani wanafikiri ni mchezo wa siku ya harambee kubwa, wenye meza ya wageni rasmi na keki. Mnada wetu ulikuwa Jumapili ya Mavuno, uwanjani, chini ya rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu, na vitu viliwekwa chini kwenye mkeka jinsi vilivyoletwa: debe la choroko, fungu la miwa, michembe kwenye ungo, furu wakavu waliochomekwa kwenye vijiti, jogoo aliyefungwa miguu kwa ukili, mtungi mpya, kamba ya katani, na mara moja, nakumbuka vizuri, yai moja.

Yai hilo lililetwa na bibi mmoja mjane, limelazwa kwenye pamba ndani ya kibakuli cha bati kilichobabuka rangi. Dalali wetu alikuwa fundi baiskeli, mtu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na alipofikia kibakuli kile hakukiinua juu kama alivyoinua vingine; alichuchumaa, akamwuliza, "Mayu, hili ni la kuku gani?" Bibi akamjibu kwa Kisukuma kwamba ni la kuku wake yule yule mmoja, na kwamba jana lilikuwa limebaki hilo tu. Fundi akasimama. "Shilingi moja!" Mtu akasema moja. "Moja ya kwanza, moja ya pili!" Mwingine akasema mbili, akalipa mbili, akalirudisha: linadiwe tena. Akanunua muuza duka, akalirudisha. Akanunua mwalimu, akalirudisha kwa jina la mke wake. Likaenda kwa Bagika, wakalitoa; likaenda kwa Bagalu, ambao hawakukubali kuzidiwa, wakachangishana papo hapo, senti kwa senti, mpaka sungura wote na mbuni wote wakatoka mifukoni. Mwisho likanunuliwa na mtu aliyesema apewe mama aliyejifungua wiki ile, akabebewa nyumbani katika kibakuli kile kile. Yai lile liliingiza fedha nyingi kuliko jogoo. Bibi yule alisimama muda wote, mikono nyuma, akifuata kibakuli kwa macho kila kilipokwenda, na ilipotangazwa jumla alisema "Wabeja" mara moja, kwa sauti ya kawaida, akarudi kukaa na wenzake.

Muuza duka niliyemtaja alikuwa Mwislamu. Na wengi kati ya Bagalu na Bagika walioshindania yai lile hawakuwa wamebatizwa. Walikuja kwa sababu mnada ulikuwa uwanjani na jirani zao walikuwepo. Hapakuwa na mlango wa kuuliza mtu dini yake. Agosti 2020, Rais John Magufuli aliposimama katika kanisa Katoliki la Chamwino, Dodoma, akachangisha fedha za kujengea msikiti, magazeti yaliandika kama jambo jipya. Sisi wa rika langu tulilitambua. Kanisa letu lilikuwa na mbao zilizotoka kwa muuza duka yule, naye kisima chake kilichimbwa na vijana wa kwetu.

Grupu la simu la jumuiya, kwa maumbile yake, lina wanajumuiya tu.

Lakini sitaki mtu yeyote aliyezaliwa baada ya hapo adhani tulikuwa na kitu kamili. Fedha ya mnada na fedha ya pamba ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha mweka hazina, na makopo yale yalikuwa na historia yake. Kuna mwaka kopo lilifunguliwa likakutwa na nusu ya kilichoandikwa. Mweka hazina alisema alimkopesha ndugu aliyefiwa, na pengine ni kweli, lakini mabati ya sakristia yalichelewa na masika ikatukuta. Tukasali chini ya turubai. Miaka ya mwanzo ya themanini saruji ilikuwa ya kutafutwa kwa kibali na kwa kujuana, na fedha tuliyokuwa nayo ililala kopo hilo hilo hadi thamani yake ikaisha, kwa hiyo ukuta uliopandishwa kwa wiki tatu za tope na ngoma ulikaa bila paa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliobatizwa mbele yake walifika kipaimara nje. Hesabu zilisomwa mara moja kwa mwaka, haraka haraka, baada ya matangazo ya ndoa, na aliyeuliza swali alionekana mchochezi. Kina mama walioponda kokoto hawakuulizwa kokoto zao zimefanya nini. Walipika siku ya kikao, wakaambiwa maamuzi wakati wa kuosha vyombo.

Leo mweka hazina wa jumuiya yetu ni mwanamke. Ana kibanda cha uwakala wa simu karibu na stendi, anajua fedha inavyoingia na inavyotoka, na kila mwisho wa mwezi anaituma taarifa kwenye grupu: fulani kiasi fulani, fulani kiasi fulani, saruji mifuko mingapi, nondo ngapi, baki ngapi. Tunaiona sote kwa wakati mmoja. Naipenda taarifa hiyo. Ninaisoma hadi mstari wa mwisho kila mara, nikikumbuka lile kopo.

Na fedha yenyewe inakuja upesi. Zamani mtoto wa Kisesa aliyefanya kazi Dar es Salaam alituma mchango wake kwa hawala ya posta, au kwa bahasha aliyomkabidhi kondakta, na ulifika ukifika. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, mwanzoni tuliitumia kwa ada za shule na misiba. Baadaye watoto wetu walio Dar, Arusha, hata nje ya nchi, wakaanza kuingia kwenye ujenzi kama vile wako hapa. Paa la kanisa jipya limeezekwa kwa msimu mmoja. Nimekwisha sema lile la zamani lilichukua muda gani. Hata tozo ya serikali kwenye miamala, iliyoanza Julai 2021 na kuwakera watu kiasi cha kupunguzwa miezi michache baadaye, haikuwazuia. Walilalamika, wakatuma, wakaongezea na ya kutolea. Mwenzetu mmoja alipolazwa Bugando mwaka jana na kuhitaji kufanyiwa upasuaji, tangazo liliwekwa asubuhi, na kufikia jioni kilichotakiwa kilikuwa kimepatikana. Kwa kopo na kaunta buku tungemzika.

Kinachonikalia moyoni ni orodha. Orodha ya kaunta buku ilikuwa ya ahadi, na ilifungwa kabatini. Hii ya leo ni ya viwango: kila familia elfu hamsini, mwisho wa kupokea tarehe fulani, na mbele ya jina ama kuna alama ya vema ama hakuna. Inatumwa tena kila mtu anapolipa, kwa hiyo ambaye hajalipa anatajwa mbele ya wenzake mara nyingi kuliko aliyelipa. Hakuna aliyekusudia hivyo. Ndivyo chombo kinavyofanya kazi. Lakini nimeona mtu akianza kukosa sala ya jumuiya ya Jumamosi alfajiri, halafu akakosa Jumapili, halafu tukaambiwa amehamia dhehebu lingine, na ukienda nyuma kwenye orodha utaona ni mwezi gani alianza kukosa alama. Zipo pia jumuiya ambako familia ikifiwa, kadi ya zaka hutafutwa kabla ya sanda. Hilo linaniumiza na nitaendelea kulisema kwenye kila kikao nitakachoitwa.

Wanaotetea viwango wana hoja, na ni hoja ya kweli. Kisesa si ile. Mashamba ya pamba yamekatwa viwanja. Barabara ya mchepuo kutoka Usagara imeleta magari, maghala na wapangaji. Nusu ya jumuiya yetu hulala hapa na kushinda Mwanza mjini. Mtu aliyehamia mwaka juzi, anayeondoka na daladala kabla ya jua na kurudi baada ya jua, utamwambia aje kukanyaga udongo saa ngapi? Hajui kama yeye ni Mgalu au Mgika; pengine ni Mhaya, Mkurya au Mjita. Elfu hamsini anaiweza, anaituma akiwa kwenye foleni, na anashukuru kwamba hakuombwa zaidi. Yeye na wenzake ndio wameliezeka kanisa. Ninakaa nao benchi moja, naimba nao, na mara nyingi siwajui majina mpaka niyasome kwenye grupu.

Jumamosi iliyopita, baada ya sala, tulikuwa tukisomewa viwango vya awamu ya uzio na vyoo. Mwenyekiti alipouliza kama kuna neno, alisimama mama mmoja mjane, mkongwe kidogo kuliko mimi, ambaye nyumba yake imepakana na uwanja wa kanisa. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, elfu hamsini sina, na ninyi mnajua sina. Ila kisima kiko kwangu. Mafundi wanahitaji maji. Wachote kwangu mpaka wamalize, na asubuhi nitawajazia pipa mimi mwenyewe." Akakaa.

Katibu, kijana mzuri, mwenye adabu, alimjibu, "Asante sana, mama, ila hapa kwenye orodha naandikaje? Parokia wanataka tarakimu." Dereva mmoja wa bodaboda akaanza kupiga hesabu ya bei ya dumu moja la maji, mara madumu kwa siku, mara siku za kazi, na kiasi kilichokuwa kikielekea kutoka kilizidi elfu hamsini mara kadhaa. Hapo mabishano yakaanza. Wengine walisema tukiandika maji leo, kesho kila mtu ataleta maji. Nikasema waje. Nikawasimulia matofali, yai nilikaa nalo, muda ulikuwa umekwenda.

Mweka hazina ndiye aliyemaliza. Alichukua simu ya katibu, akaandika jina la mama yule, na mahali pa kiasi akaandika: maji, hadi mwisho wa kazi. Akaweka alama ya vema. Kufikia Jumapili jioni fundi bomba ameandika siku mbili za kazi, bodaboda safari tano za kubeba saruji kutoka dukani, na mtu mmoja wa Dar es Salaam ameuliza kama anaweza kulipa elfu hamsini yake na pia kumlipia kijana wa nyumbani kwao akachimbe msingi kwa niaba yake. Chini kabisa, penye jumla, mweka hazina ameacha wazi. Taarifa inatakiwa parokiani mwisho wa mwezi, na bado hatujakubaliana iandikweje.